Thamostati ya Ndege ya Shemeji

Bado naona haya kulisimulia hili, na haya yenyewe imechanganyika na hasira, maana hadi leo nikipita sokoni Mahajanga kuna watu wananiuliza, "Fundi, maji yamechemka?" huku wanacheka, watu ambao taksi zao nimezitengeneza mimi kwa miaka ishirini!

Shemeji yangu Madi, kaka wa mke wangu, alikuwa anajiundia ndege ya mbao kule Ambanoro, kisiwani Nosy Be, mwaka wa sita huo (ndiyo, ndege, msicheke bado), na ndani yake aliweka injini ya gari la Kijapani, ile isiyo na pistoni, yenye pembetatu inayozunguka ndani, nyepesi, ina nguvu, lakini moto wake kama tanuri. Basi mwaka mzima aliumaliza kwenye kuipoza injini tu: rejeta mbili chini ya pua, na njia za bati za kupitishia upepo, alizozipima na kuzikunja mwenyewe. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja kutoka mji mkuu kwa siku moja. Injini ikizunguka dakika kumi bila kuchemka, Shemeji anapata ruhusa ya kuruka. Akaniita nimsaidie.

Asubuhi hiyo Shemeji kaenda kumpokea mkaguzi, mimi nimebaki na injini pale uwanjani, nikaiona thamostati. Jamani, kwa joto hili letu, thamostati ya nini? Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate moto, na huku kwetu injini zinaamka na moto wake! Taksi zote zilizopita mikononi mwangu nimezing'olea. Nikaing'oa, nikaitia mfukoni, nikafunga, nikajipongeza.

Watu walijaa, mke wangu mbele kabisa. Injini ikawaka, pangaboi likazunguka, dakika ya nne mshale wa joto huo, unapanda. Laiti ningenyamaza, wallahi! Badala yake nikapaza sauti, "Nilisema mimi, matundu ya upepo ni madogo!" (sikuwahi kusema), nikamwambia Shemeji azime, nikachukua mkasi wa bati, nikaikatakata kazi yake ya mwaka mzima mbele ya mkaguzi. "Haya, washa!" Akawasha. Haukupita muda, mvuke ukatoka fyuuu, injini ikagugumia, ikazimika yenyewe. Watu wakapiga makofi, mashetani wale.

Mkaguzi akainama, akaigusa rejeta kwa kiganja, na kiganja hakukiondoa.

"Ya baridi," akasema kwa Kifaransa, taratibu. "Thamostati iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Ningefanya nini?

Kumbe kwenye injini ile thamostati ikifunguka ndiyo inayoiziba njia ya mkato. Ukiing'oa, maji ya moto yanarudi kwenye injini kwa mkato, rejeta hayaioni kabisa. Sasa niambieni, ni akili gani hiyo? Kwa nini wasiandike? (Waliandika. Kitabu cha injini kilikuwa mezani, nimekiwekea spana zangu juu.)

Mipira ya kuzuia maji ilikuwa imeungua, injini imekufa, mkaguzi akafunga faili lake akaondoka. Mke wangu akaenda kumsaidia kaka yake kuokota vipande vya bati. Shemeji naye alisema neno moja tu, kwa Kikomoro chetu: "Ungeniuliza." Afadhali angenitukana!

Ilimchukua miaka miwili kupata injini nyingine, na safari hii alinipelekea barua: "Njoo, Shemeji, ila spana ziache nyumbani." Mimi! Fundi mzima! Nikaenda hivyo hivyo, mikono mitupu, nikaiona ndege inaacha ardhi, watu wanalia kwa furaha, nami nalia pamoja nao, nikijua angeruka miaka miwili nyuma kama si mimi.

Tangu siku hiyo sing'oi kitu kwenye mashine ya mtu kabla sijauliza kinafanya nini. Na hasira ninayo bado. Nimejaribu kuwakasirikia Wajapani, nimemjaribu mkaguzi, hata Shemeji mwenyewe nimemjaribu, na kila mara hasira inakataa kukaa kwao, inarudi kwangu.