Folda Iliyoitwa Nyakach

Nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika ofisi moja ya maji hapa Kisumu, na niseme ukweli, nilikuwa na maringo. Kila folda kwenye mashine kuu nilijua nani asome, nani aandike, nani asisogee. Kila jioni mashine hiyo ilihifadhi picha ya mafaili yote yalivyokuwa, pamoja na ruhusa zake, na kila picha ilikaa siku saba tu. Picha hizo ni za kusoma tu, hakuna anayeweza kuziharibu, lakini bado nilizifungia watu wote. Roho mbaya tu.

Asubuhi moja sekretari wetu, mama wa makamo kutoka Ahero, alisimama mlangoni pangu.

"Bwana, hiyo folda yangu ya Nyakach imeenda wapi?"

"Ya ule mradi wa visima? Si iliisha kitambo, mama. Nilifuta wiki iliyopita."

"Mradi gani? Hiyo ni mama yangu."

Kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa alikotoka, na mamake, binti wa Nyakach, aliitwa hivyo hadi alipozikwa. Mimi, Mjaluo mzima, nilisoma jina la mtu nikaona visima! Ndani mlikuwa na faili moja la sauti ya huyo mamake. Simu iliyomrekodi ilikuwa imesombwa na mafuriko.

Nilihesabu siku kwa vidole. Picha ya mwisho yenye folda hiyo ingefutwa jioni ileile. Nikaipata, faili likiwamo, limefungwa vilevile alivyolifunga: asome mwenyewe tu. Kwa mamlaka yangu ningeweza kulifungua, lakini niliona haya. Nilimfungulia yeye njia ya kuingia kwenye picha, nikampisha kiti changu, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja. Tulilinakili mara mbili kabla ya kulisikiliza.

Nilitaka kutoka. Akanishika shati, nikabaki.

Sauti ya bibi kizee ilikwaruza, ikakohoa, kisha ikauliza polepole, "Bende isechiemo?" Yaani, umeshakula?

"Asechiemo, mama," akajibu papo hapo kwamba ameshakula, kwa sauti ya mtoto anayedanganya, maana hakuwa ametia kitu mdomoni siku hiyo.

Nilianza kulia kabla yake.