Nilimkaribisha Mara Moja

Namshukuru Mungu Baba, aliyenilisha hata miaka ile ambayo wengi walikosa, akaniacha nizeeke nikiwa bado na akili ya kukumbuka. Ninayoyaandika hapa hayanisifu. Nimeyatubu mbele zake, naye amenivumilia.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile mkonge ulipoanguka bei. Wenye mashamba waliwaachisha watu kazi, na wanaume wa nyanda hizi na wa kule ziwani, waliokuwa wamekwenda umanamba, yaani kazi ya mkataba mashambani humo, wakawa wanarudi kwa miguu. Walifika Makambako wamechoka, wakashika njia ya Njombe. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia hiyo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa letu dogo la Kilutheri, nami nilikuwa na mwaka wa pili tangu kuolewa. Mvua nayo ilikuwa haba. Ghala lilikuwa tupu, na unga wa kula ulikuwa wa kupimwa kwa kiganja. Yalibaki mahindi ya mbegu tu, yametundikwa juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Hayo hayakuguswa na mtu.

Kwetu mgeni akikukuta na chakula unamkaribisha, naye anakataa kwa adabu. Unamkaribisha tena, anakataa tena. Mara ya tatu unamshika mkono, ndipo anaketi. Hata watoto walilijua hilo.

Mchana mmoja nilikuwa jikoni peke yangu, nakwangua chungu ili nipakue ugali wa watu watatu. Mama mkwe alikuwa bondeni kwenye kinyungu, bustani yetu ya kiangazi, na mume wangu alikuwa kanisani. Wanaume wawili wakasimama uani. Mmoja miguu ilikuwa imevimba, akiegemea fimbo. Walinisalimu, "Kamwene," kisha wakaendelea kwa Kiswahili cha kambi za mkonge.

Nikasema, "Karibuni chakula."

"Asante, mama. Tumekula Makambako," akajibu yule mwenye fimbo.

"Haya," nikasema.

Wakaomba maji, nikawapa kwa kata. Wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Moyoni nilijiambia kwamba Mkristo huamini neno la mwenzake. Lakini nilikuwa nimeiona midomo yao ilivyopasuka, na nilifurahi kwamba chungu hakikuguswa.

Asubuhi yake watu waliokwenda shambani walimkuta yule mwenye fimbo amekufa kwenye kona ya barabara, si mbali na kwetu. Mwenzake alikuwa ameketi kando yake, hana nguvu ya kuinuka. Mume wangu na wanaume wengine wakawabeba wote wawili hadi kwetu. Marehemu alizikwa katika makaburi ya kanisa, ingawa hatukujua kama alibatizwa. Mwenzake alisema wote ni wa Lupingu, kule ziwani, na kwamba tangu juzi yake hawakuwa wametia kitu tumboni.

Mama mkwe alinigeukia. "Uliwaona jana?"

"Niliwaona, mama. Niliwakaribisha, wakasema wamekula."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hukuwakaribisha, mwanangu. Uliwauliza tu."

Yule mgonjwa alikuwa amelala kwenye mkeka, akasikia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nisigombezwe. Walikuwa wamesikia chungu kikikwanguliwa kabla sijatoka, wakajua chakula ni kidogo, wakakubaliana wao wenyewe kukataa. Hapo nililia, maana wenye njaa walikuwa wametuhurumia sisi.

Mama mkwe hakuomba ruhusa kwa mtu. Alipanda juu ya kigoda akashusha mahindi ya mbegu. Mume wangu akauliza tutapanda nini. Akajibiwa kwamba tutapanda yatakayobaki. Nilisaga, nikapika uji, nikamwinua mgonjwa kichwa na kumnywesha pasipo kumuuliza lolote. Majirani nao walileta walichokuwa nacho: mmoja viazi vitatu, mmoja majani ya maboga, mjane mmoja chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. Msimu huo nusu ya shamba letu iliota majani matupu, na mwaka uliofuata tulikonda sote.

Alikaa kwetu mwezi na siku kadhaa. Siku ya kuondoka alifunga kifurushi cha nguo za marehemu, kisha akasimama mlangoni hatoki.

"Dada," akaniambia, "mama yake atakaponiuliza, nimwambie alikula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mume wangu alikuwa pale, naye hakunisaidia.

"Mwambie alipita kwangu," nikasema, "sikumpa."

Akakiweka kifurushi begani. "Nitamwambia alipewa maji," akasema, akashika njia.

Hatukupata habari zake tena. Sijui kama alifika ziwani, wala sijui yule mama wa marehemu aliyapokeaje maneno hayo.

Wewe unayesoma, Mungu akuwekee chakula mezani, akupe na macho ya kumwona asiyeweza kukuomba, na mkono mwepesi kabla siku haijapita. Amina.