Tulikuwa Mkolani, Msiba Ukatutafuta Nairobi

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu limefichwa na naomba likae hukohuko. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Nyakato hapa Mwanza. Mume wangu nitamwita Baba Neema. Tangu biashara ziachiwe huru amefungua kaduka mjini, anauza redio na deki za video kutoka Dubai, na tangu siku hiyo hatujapumua. Mtu ameuza redio kumi, anatembea kama ameuza meli.

Tangu katikati ya mwaka alitangaza mtaa mzima kwamba Desemba anaipeleka familia Nairobi. Alimwambia fundi viatu, akamwambia mwenyekiti, akawaambia hata wauza dagaa. Mara kipindupindu kikaingia Mwanza. Migahawa ikafungwa, mikusanyiko ikakatazwa, watu wakaacha kununua redio wakawa wananunua kuni za kuchemshia maji. Safari ya Nairobi ikafia hapo.

Nikamwambia kwa upole, "Baba Neema, likizo si lazima kuvuka mpaka. Twende kwa mama yangu, hapo Kisesa. Watoto wataona makumbusho pale Bujora, watakimbia uwanjani, maji tutachemsha wenyewe. Gharama yenyewe ni nauli tu." Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Watu wakiniuliza likizo nilikwenda wapi, niseme Kisesa? Kwa mama mkwe? Kula michembe?" Akaanza kumwita mama yangu, aliyenizaa, bibi wa viazi vikavu.

Sasa sikieni akili ya mwanaume. Rafiki yake alikuwa na nyumba Mkolani, hapahapa Mwanza, haijaisha, haina hata dari. Tukaaga majirani asubuhi kweupe, masanduku mawili, bwana kavaa suti. Teksi ikatupeleka stendi ya mabasi, tukashuka, tukazunguka nyuma, tukakodi nyingine hadi Mkolani. Siku kumi jamani! Watoto walikatazwa kutoka nje wasije wakaonekana. Akitaka sukari alivaa kofia na miwani ya jua, akanyata ukutani kama mwizi wa kuku. Mchana kutwa akiwakaririsha watoto majina ya mitaa ya Nairobi, mitaa ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Neema akaniuliza, "Mama, kwa nini tusingeenda kwa bibi?" Nikamwambia anyamaze. Na msidhani najitoa. Mimi pia nilipenda majirani wanione na sanduku.

Siku ya kurudi alinunua majani ya chai na biskuti za Kenya kwenye duka moja hapahapa mjini, eti zawadi za safari. Tulipofika nyumbani, jirani yetu Mama Sofia alitupokea mlangoni. Hakusema karibuni. Alisema, "Mama Neema, pole mwenzangu. Kaka yako alikuja mara mbili. Tukamwambia mko Nairobi."

Mama yangu alishikwa na kipindupindu. Mara ya kwanza kaka alikuja kuniita nikamuuguze, mara ya pili alikuja kunipa taarifa ya msiba. Wahudumu wa afya walimzika harakaharaka, ndugu wamesimama mbali, mimi niko Mkolani nakaanga sato na kucheza karata. Ningekuwa Kisesa ningemchemshia maji, na kama angeugua ningemkimbiza hospitali mapema. Hilo halinitoki kichwani.

Nilidhani mume wangu sasa ataona haya. Wapi! Kwenye msiba alikaa na wajomba zangu akawasimulia alivyoota ndoto mbaya huko Nairobi, moyo ukamwambia turudi, na jinsi basi lilivyotuchelewesha mpakani. Akawagawia na zile biskuti. Mjomba mkubwa akamshika mkono, "Asante sana baba, wewe ni mkwe kweli." Naye akainamisha kichwa, mnafiki mkubwa, akaitikia, "Ni wajibu wangu, mzee." Nilitamani nimtapikie.

Sasa ugonjwa umepungua, mikusanyiko imeruhusiwa, na Jumamosi tunamaliza matanga. Kaka anataka nisimame nizungumze kwa niaba ya watoto wa kike. Baba Neema amenionya, "Ukisema ukweli umenivua nguo mbele ya wakwe. Usirudi kwangu." Sawa, huyo simwogopi. Nimemdharau mpaka nimechoka kumdharau, na mlango wake nitaupita bila kugeuka.

Ninayemwogopa ni kaka. Juzi alikaa karibu yangu, akanieleza kwamba mama siku ile aliyougua aliniulizia mara tatu. Walipomwambia niko Nairobi na watoto akasema, "Basi mwacheni. Hajapumzika tangu aolewe. Msimsumbue."

Kaka anadhani maneno hayo yananifariji, na mimi nililia akanibembeleza. Nikisema ukweli nitawapoteza ndugu niliobaki nao, maana kutoka Mkolani ningefika kwa mama kabla maji hayajachemka. Nikinyamaza, mama atakuwa ameniachia mapumziko ambayo hayakuwepo. Nishaurini jamani, Jumamosi nikisimama mbele yao, niseme nilikuwa wapi?