Kiboksi Kilichosikia ya Mama Mkwe

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuzimika kwa kiboksi cha kuongelea cha chumba cha wageni, nyumbani kwangu Ifakara, kulikotokea Jumanne asubuhi baada ya kubamizwa ukutani. Habari ziwafikie kiboksi pacha wake wa sebuleni, redio kaseti, spika mbili kubwa na deki ya video, popote zilipo kabatini. Mazishi yamefanyika shimo la taka. Aliyebamiza ni mke wangu.

Mhariri ameahidi kulificha jina langu, basi niseme. Nina miaka arobaini na saba, naendesha mashine ya kukoboa mpunga, nina mke, watoto wanne na kipara kinachokuja kwa kasi. Ugonjwa wangu ni kampuni moja ya ng'ambo, yenye nembo ya kwale. Mambo yalipokuwa ruksa na maduka yakajaa vitu vya nje, nilinunua redio kaseti yao. Zikafuata spika, maana plagi zao zina meno matano na haziingii kwenye kitu cha kampuni nyingine. Ikafuata deki. Mwenye duka, mzee wa Kilwa, aliniambia, "Mwanangu, hivi vitu ni ukoo mmoja. Ukileta mgeni, vinanuna." Nikaamini kama mtoto. Fulana ya kwale niliivaa hadi msibani. Mke wangu akasema, "Baba Neema, mimi ulinitolea mahari mara moja ukamaliza. Huyo kwale utamtolea mpaka lini?"

Mwaka huu wakaleta viboksi viwili, vinavyounganishwa kwa waya kupitia redio ileile. Ukibonyeza, sauti yako inatokea chumba cha pili. Ukizungusha kitufe upande mwingine, ya chumbani kule yanatokea kwenye spika zako. Kimoja nikakifunga sebuleni, kingine chumba cha wageni, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Malinyi kutibiwa.

Kwetu sisi mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Akipita uani napisha, hatuli pamoja, na mlango wa chumba anacholala siusogelei. Nikajiona nimegundua dawa: nitamsalimia bila kumkaribia! Asubuhi ya kwanza nikabonyeza, "Shikamoo mama!" Loo. Alitoka mbio, kanga moja mkononi, anapiga kelele, "Mwanangu, njoo! Mumeo yumo kitandani humu!" Nilitozwa jogoo na maneno mengi, mwisho tukacheka. Yeye mwenyewe akacheka, akasema kiboksi kibaki, ila mkwe asithubutu tena kukibonyeza. Nikaapa.

Wiki iliyofuata mke wa rafiki yangu wa mashineni alikutana na mama mkwe njia ya hospitali akampa pole. Akautaja ugonjwa kwa jina lake, hadi mahali ulipo mwilini. Ni ugonjwa ambao mama humwambia binti yake tu. Mama mkwe aligeuza njia palepale. Alirudi nyumbani akaanza kufunga mzigo.

"Nani alisikia?" mke wangu akaniuliza, kiboksi kikiwa mkononi.

"Kitufe kibovu, Mama Neema. Kilijifungua chenyewe. Wale wezi wametuuzia takataka!"

Ndipo akakibamiza. Wakapanda gari la Malinyi wote wawili, na matibabu yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo naitukana kampuni ile kama niliyelipwa. Nimewaandikia barua tatu. Ya tatu hata karani wa posta angeifungua angeona haya. Fulana ya kwale nafutia grisi ya mashine. Nimemgombeza mzee wa Kilwa mbele ya wateja wake. Mtaa mzima unanionea huruma.

Juzi akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hakukaa.

"Shemeji, mama anakuita Jumamosi. Useme mbele ya wazee kwamba kilikuwa kitufe. Ukisema hivyo, amekubali. Dada atarudi, na mama atarudi hospitali."

"Na nisiposema?"

Akanitazama. "Kwani kuna lingine?"

Nishaurini, ndugu zangu, nitamke nini Jumamosi hiyo. Nikisema kitufe, mke wangu anarudi na mama anatibiwa. Nikisema lingine, sijui. Lakini msinishauri kabla ya kujua lingine lenyewe.

Kitufe kilikuwa kizima. Jumapili alasiri walikuja wenzangu watatu wa mashineni, na mmoja alisema redio yake ya kampuni nyingine ina sauti safi kuliko zangu. Nikainuka nikazungusha kitufe kwa mkono wangu huu. Sauti ya mama mkwe ikatoka kwenye spika zote mbili, anamweleza binti yake alichoambiwa na daktari, pole pole, huku analia. Akasema, "Mumeo asijue, nitashindwa hata kuitikia shikamoo yake." Wenzangu wakainamisha vichwa. Mmoja akanong'ona, "Zima, bwana."

Sikuzima. Niliongeza sauti kidogo, nikawaambia, "Mnasikia ilivyo safi? Hata pumzi inasikika."