Mafuta ya Upako Kwenye Usukani

Waandaaji wa mbio za magari kwenye uwanja wetu wa vumbi, kusini mwa Joburg, wanatubembeleza kila Jumamosi: leteni watoto, leteni familia. Haya, familia ikaja. Mama mmoja Mkongomani, msusi wa mtaa wa La Rochelle, alimsimamisha binti yake aliyekuwa dereva, mbio za watoto zilipokaribia kuanza. Akatoa kichupa kwenye pochi, akaupaka usukani wote wa gari la binti mafuta ya upako.

"Kwa jina ya Yesu, hakuna mwenye atakupita!"

Kona ya kwanza tu, mikono ikateleza. Gari likazunguka kama pia, na wote wakampita, hata kitoto kilichokuwa kinalia.

Binti akarudi mzima, helmeti kwapani, akimkazia macho mama yake.

"Eish, mama! Wiki ijayo uwapakie wale wengine."