Mdudu wa Nelly Kwenye Sanduku la Pampu

Naanza kwa kukiri. Mwaka 98 niliua kompyuta ya pampu kwa dawa ya pamba.

Bomba la kupulizia sikushika mimi. Mimi nilitia neno tu.

Ilikuwa Mwakitolyo, kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Mzee Mohamedali. Pampu ya kutoa maji ilikuwa na kituko: maji yakiwa kidogo inavuta vizuri, yakijaa tele inajizima yenyewe! Wachimbaji wako juu, wanacheza bao.

Kwamba inajizima maji yakijaa, niligundua mimi, Athanas. Sababu sasa? Siku tatu na diploma yangu, nyaya zote nimepima. Hola.

Na Mzee alikuwa anatafuta fundi mkuu wa maduara yake yote. Kazi ile niliiota.

Mzee akamwita Nelly, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza. Binti mwembamba, kompyuta ya kupakata begani.

"Shikamoo kaka Athanas."

"Marahaba." Niliitikia puani.

Akafungua sanduku la kompyuta ya pampu, akachomeka kebo kwenye pini sita pembeni ya chipu. Pini zile mimi nilidhani mapambo!

"Chipu hii imeundwa na mlango wake wa uchunguzi," akaniambia. "Naisimamisha pale ninapotaka, nachungulia namba zilizomo, halafu naisogeza hatua moja moja."

Robo saa tu.

"Ona kaka. Kipimo cha maji kinahesabu mpaka 255. Maji yakizidi hapo, hesabu inarudi sifuri. Chipu inadhani duara limekauka, inazima pampu."

Wachimbaji wakampigia makofi. Makofi yangu hayo! Roho iliniuma.

"Mdudu nimemwona," akamwambia Mzee. "Kesho asubuhi namtoa."

Yeye na Mzee wakaondoka kwenda mjini.

Mayala, mlinzi wa pampu, mkulima wa pamba tangu azaliwe, akanifuata.

"Fundi, mdudu gani huyo anayekula kompyuta?"

Mafundi tukisema mdudu, ni kosa la programu. Ningemwambia hivyo, yangeisha.

"Ni kama wale wa pamba tu," nikajibu. "Nelly dawa hana. Wewe unayo."

Nilitaka Nelly aumbuke. Kesho yake nikachelewa makusudi.

Nikakuta sanduku linafuka moshi, Mayala kasimama na bomba la dawa mgongoni, meno yote nje.

"Huyo hatoki mzima, fundi!"

Nelly alikuwa anaitazama chipu iliyoungua. Hakufoka. "Nani kakutuma, baba?"

"Bhebhe!" Mayala akashangaa kwa Kisukuma. "Wewe! Si fundi Athanas huyo?"

Mzee Mohamedali akanivuta pembeni. "Wewe bwana una akili gani? Jana njia nzima Nelly anakusifu! Anasema aliyegundua inajizima maji yakijaa ana jicho. Alitaka akuachie kebo, akufundishe, uwe fundi wangu mkuu!"

Nikageuka kumtafuta Nelly.

Ndugu zangu, kabla hujamwonea mtu wivu, muulize kwanza kakuletea nini.

Nelly alikuwa keshapanda pikapu, kebo kaikunja mapajani. Nikashika mlango.

"Dada Nelly, nifundishe basi hata hatua moja. Moja tu."

Akapandisha kioo.