Legeza Bega, Mwalimu

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtoto alegee. Nilisema kaza mwendo, kaza mkono, kaza kamba, kaza buti. Kwa hiyo fizio wa hospitali, yule wa mazoezi ya viungo, aliponiambia kwamba ubaya wa bega langu ni kwamba nimelikaza kupita kiasi, nilimtazama vile nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyeniletea jibu alilonakili kwa jirani.

Bega lenyewe niliumia Wusi, kwetu milimani. Tulikuwa tumepanda kutoka Voi kuangalia mahindi, mimi na mke wa mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kile kijia cha kushukia shambani kilikuwa kimelowa. Mkwe wangu akaninyooshea mkono, akasema, "Mama, nishike." Nikamjibu kwamba mteremko huo nimeushuka na mzigo wa kuni kichwani kabla mama yake hajazaliwa. Nikapiga hatua tatu nzuri sana. Ya nne niliipiga kwa bega.

Mfupa uliunga bila matata. Mkono ndio uliokataa kupita kifua. Nikijaribu kuuinua, bega linatangulia kupanda lenyewe mpaka sikioni, na mkono unabaki chini kama vile haukuitwa. Chai niliweza kunywa, sahihi niliweza kutia, kitabu cha nyimbo niliweza kushika. Kitu kimoja kilinishinda, na ndicho nilichokitaka kuliko vyote: kujifunga kilemba changu mwenyewe.

Anayetaka kucheka na acheke. Kilemba hufungwa kwa mikono miwili nyuma ya kisogo, na mimi tangu nilipofiwa na mume wangu sijatoka nyumbani kichwa wazi hata siku moja. Siku tuliyomzika, watu waliniambia jikaze, jikaze, mpaka nikajikaza kweli, na kilemba kilikuwa sehemu ya huko kujikaza. Sasa kila Jumapili nilikaa kwenye stuli nifungwe kama mtoto wa chekechea. Mwanangu hufanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliyenifunga ni mkewe. Yeye ni mtu wa Mata, kwao ni ndizi, na alinifunga vile wanavyofunga mikungu ya kupakia kwenye lori. Nilitoka kanisani macho yamevutwa, kichwa kinagonga, na mstari mwekundu kwenye paji la uso uliokaa mpaka chakula cha jioni.

Ndipo fizio akaniazima kile kifaa. Ni mama wa makamo, sauti yake ya chini, na husemezana na misuli ya mtu zaidi ya mwenye misuli. Kifaa kilikuwa kidude cheupe cha ukubwa wa redio ndogo, chenye nyaya tatu na vibandiko vitatu vya kubandika begani.

"Hakitoi umeme, Mwalimu. Kinasikiliza tu," akanieleza. "Msuli ukikaza, namba inapanda na kinalia. Ukilegea, namba inashuka na kinanyamaza. Kazi yako ni kukinyamazisha."

Kisha akaniambia mengine: ngozi iwe safi, kavu, bila mafuta. Kisibandikwe juu ya kidonda. Dakika ishirini zatosha. Vibandiko ni vyangu peke yangu, na vitolewe taratibu. Kisivaliwe kikiwa kwenye chaji. Na mtu aliyewekewa chombo cha moyo asikivae mpaka daktari wake aseme. Niliitikia yote jinsi wanafunzi wangu walivyokuwa wakiniitikia, kwa adabu kubwa na bila kusikia neno.

Wiki ya kwanza nilifanya bidii ambayo hata sasa naionea haya. Mimi ni mwalimu. Nikiona namba, najua namba ni alama, na alama nzuri ni ya juu. Nilikaa sebuleni nimebana meno, bega sikioni, kifaa kinalia kama king'ora, nami nasema moyoni kwamba afadhali hivi, mashine inaona juhudi. Siku ya tano nikampigia fizio simu kumpasha habari njema.

"Tisini na moja!" nikamwambia.

Naye akauliza, "Bega linaumaje, Mwalimu?"

"Linauma vibaya sana. Lakini najikaza."

"Mwalimu," akasema pole pole, "huu si mtihani. Hapa wa mwisho ndiye wa kwanza."

Nikakata simu nikiwa na hasira ya kuambiwa Biblia na mtu aliyezaliwa nikiwa tayari darasani. Halafu nikakaa nikijaribu kushusha namba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kulegea. Kila nilipojiamuru "legea!" niliamuru kwa sauti ya paredi, na namba ikapanda.

Zile kanuni nazo tulizivunja moja baada ya nyingine. Nilijipaka mafuta ya mgando baada ya kuoga, vibandiko vikateleza, nikavishikilia kwa selotepu. Siku nyingine nilisahau nikakaa navyo saa mbili nikisikiliza taarifa ya habari na mjadala wake wote, ngozi ikawa nyekundu inawasha. Mkwe wangu alivichomoa kwa mkupuo mmoja, nikapiga ukelele uliosikika barabarani. Wiki hiyo hiyo kifaa kiliishiwa na chaji, naye akakichomeka ukutani kikiwa bado kimenishika. Stima ya Voi ikaenda, ikarudi kwa kishindo, taa zikawaka kama macho ya simba. Hakuna kilichonipata, ila fizio aliposikia alinisomea kanuni zote upya, moja moja, mpaka nikaomba msamaha. Nikachukua karatasi ya manila, nikaandika kanuni zote kwa kalamu nyekundu, nikabandika ukutani. Kila kanuni tuliyoivunja ilikuwa na mkosaji wake, na wakosaji tulikuwa wawili tu.

Wageni wakaja. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alileta mahamri akakizunguka kifaa kwa mashaka.

"Shoga yangu, hakipigi shoti?"

"Hakipigi. Kinasikiliza."

"Kusikiliza tu? Basi chafaa nini? Mimi mume wangu anisikiliza mwaka wa arubaini, na goti lauma vile vile."

Akafuata mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja kuniombea. Alipomaliza kuomba alianza kufungua vifungo vya shati ili naye apimwe. Mzee huyo ana betri ya moyo kifuani, na kanisa zima linajua kwa sababu tulimchangia. Nikamwambia hapana, mpaka daktari wake aseme. Akaniambia imani haina betri. Nikamwonyesha manila ukutani, mstari wa mwisho, nikamtaka ausome kwa sauti. Akausoma, akafunga vifungo. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nadhani kwa sababu hawakumjua huyu. Akaondoka amenuna, na mlangoni akageuka kunifariji: "Jikaze, Mwalimu." Kifaa kikalia papo hapo.

Nikaanza kukiita mmbea, maana hakikuwa na siri. Mchungaji akipiga simu kuulizia mchango wa paa, kinalia. Mwanangu akisema mwezi huu hatakuja, kinalia. Lakini kilichonitia hofu ni jambo jingine. Naweza kuwa nimekaa nimetulia, namba imeshuka hadi ishirini. Ndara za mkwe wangu zikisikika ukumbini, namba inapanda. Akifungua mlango, tiii.

Siku nne aliingia na kutoka kikimlilia. Siku ya tano akaingia na kikombe cha uji, kifaa kikalia, akasimama.

"Mama, mbona nikiingia hiyo kitu inalia?"

"Ni betri," nikasema.

Akaweka uji mezani. Akatoka nje, akafunga mlango. Kifaa kikanyamaza. Akafungua, kikalia. Akatoka tena. Kikanyamaza. Hata watoto wa darasa la nne hawakuwahi kunipatia somo la sayansi safi namna hiyo. Alipoingia mara ya tatu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Sawa," akasema. "Si betri."

Nilikuwa naona aibu, na aibu ile nayo ililia tiii, ikafanya mambo kuwa mabaya zaidi.

"Mimi nilifikiri ni mimi tu ndio huogopa," akasema. "Kila Jumapili nikikufunga kilemba naomba Mungu kisifunguke. Naona kikifunguka kanisani utanichukia mbele ya watu. Ndio maana nakaza. Nakaza sana mpaka vidole vinaniuma."

Fizio alikuwa amenipa pakiti ya pili ya vibandiko, haijafunguliwa. Sijui nini kilinituma, lakini nilijivua vyangu taratibu kama tulivyofundishwa, nikaifungua ile pakiti. Nikamfuta bega kwa kitambaa safi, nikasubiri likauke, nikambandika. Namba ikatulia kwenye kumi na nane. Kijana huyu, nikasema moyoni, analegea kuliko sote.

"Sasa nitasema kitu," nikamwambia. Nikakohoa, nikatengeneza koo.

Sijafikia neno la kwanza, namba ikaruka ikagonga tisini na saba.

Tulitazamana. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu kwa alama sita. Alianza kucheka yeye, akafunika mdomo kwa heshima, heshima ikamshinda. Nikacheka nami, nikacheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Nililia kilio nilichokuwa nimedaiwa tangu siku ya mazishi. Hakuniambia jikaze. Alikaa kwenye mkono wa kiti, akanishika lile bega bovu.

Baada ya hapo tulifanya mazoezi pamoja, kila mtu na vibandiko vyake, kwa zamu, dakika ishirini kila mmoja, chaji imechomolewa. Tuligundua kwamba namba hushuka tukichambua mboga. Hushuka pia nikimwacha anieleze habari za Mata bila kumsahihisha Kiswahili, ingawa mwanzoni hilo la pili lilinigharimu. Bega likajifunza kukaa chini, mkono ukaanza kutangulia. Ulifika kidevuni, ukafika sikioni. Fizio akasema neno "vizuri" kwa mara ya kwanza, nami nikalipokea kama cheti.

Jumapili moja nilisimama mbele ya kioo, kitambaa cha buluu kikiwa mabegani. Mkwe wangu alikuwa mlangoni tayari amevaa viatu. Nikainua mikono yote miwili. Bega halikupanda. Vidole vikakutana nyuma ya kisogo, vikazungusha, vikapitisha ncha chini ya ncha, vikafunga fundo. Nikajitazama. Kilikuwa kimekaa upande, kimelegea juu ya sikio moja, lakini nilikifunga mimi.

Kwenye kioo nikamwona mkwe wangu ameinua mkono kutaka kukirekebisha, halafu akaushusha pole pole, kana kwamba kuna kidude kimemlilia.

Nikavuta lile fundo. Kilemba kikafunguka chote, kikashuka mabegani.

"Mama! Si kilikuwa kizuri?"

Nikavuta stuli, nikakaa, nikampa mgongo.

"Njoo unifunge," nikamwambia. "Lakini usikaze."